Hesabu Marika, Usihesabu Matenga: kwa mnaoanza kazi ya kupima samaki

Wadogo zangu, kila mwaka likitoka tangazo la mafunzo ya uvuvi kule Iceland, simu yangu haipumziki. Ni ile programu ya miezi sita iliyoanza 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ambayo sasa iko chini ya UNESCO. Watanzania, Wakenya na Waganda wengi wamepitia huko, nami ni mmoja wao. Baadaye nilikaa Bergen, Norway, miaka miwili nikisomea tathmini ya wingi wa samaki. Maswali ninayoulizwa yanafanana: nibebe koti gani, nijifunze programu gani ya kompyuta, posho inatosha? Koti usinunue Kariakoo, halitafua dafu. Nunua la mtumba hukohuko. Programu utafundishwa. Posho inatosha ukijipikia. Hayo tumeyamaliza.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni hili: mtu wa Pangani au wa Ukerewe anakwenda kutafuta nini kwa samaki wa maji ya barafu? Jibu langu ni kwamba samaki huyo amepimwa kwa muda mrefu kuliko karibu samaki wote wa baharini, na makosa yaliyofanywa juu yake yameandikwa yote, kwa mwaka na kwa tani, hadharani. Sisi makosa ya namna hiyo tunayafanya pia, ila hatuyaandiki. Mtu akitaka kujifunza kutokana na kosa ambalo halimgharimu yeye, aende kulisoma kule.

Kwanza jina lake. Kamusi zitakuambia anaitwa chewa. Usikubali upesi. Chewa wetu ni wa mwambani, anakaa pangoni mwake, na ukimwambia mvuvi wa Mafia kwamba chewa husafiri mamia ya kilomita kwa makundi ya mamilioni atakuuliza umekula nini. Mimi namwita kodi, kutoka Kiingereza cod, na sarufi yetu inatuokoa: kodi huyu anaogelea, kodi hii unailipa.

Kodi wa Atlantiki anapenda maji ya nyuzi chache juu ya sifuri. Akiachwa anafika miaka 20 na zaidi, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwenye Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norway na Urusi, wengi hawapevuki mpaka wafike miaka sita, saba, hata minane. Linganisha na dagaa wa Ziwa Victoria anayezaliwa, kuzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kila mwanzo wa mwaka kodi waliopevuka huteremka kutoka Barents hadi visiwa vya Lofoten kutaga, na wavuvi wa huko wamekuwa wakiwasubiri tangu enzi za Waviking. Wanawaanika kwenye vichanja vya miti bila chumvi, kwa upepo na baridi tu. Ng'onda asiyejua jua. Vichwa vyake vikavu husafirishwa hadi Nigeria, na huko ni kitoweo cha heshima. Niliwahi kuvinusa ghalani, nikakumbuka papa mkavu wa soko la Darajani kiasi cha kulengwa na machozi. Tuyaache hayo.

Siku yangu ya tatu kazini nilikalishwa mbele ya darubini na trei ya vijiwe. Si kijiwe cha kahawa. Ni vijiwe vya sikio: kila samaki mwenye mifupa anavyo kichwani, vinamsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kwa kodi, ukipitisha kisu juu ya macho, vinatoka viwili vyeupe, kama punje za maharage. Unavunja kimoja katikati na kukiangalia kwenye mwanga. Kiangazi samaki anapokula na kukua haraka kinaacha pete pana, na majira ya baridi yanaacha pete nyembamba. Hesabu pete, umepata umri. Nilidhani nimepewa adhabu ya ugeni, maana nilikuwa nimekuja kujifunza mifano ya hesabu, ile ya kukadiria wingi wa samaki, na si kuhesabu mawe. Wiki tatu nilinung'unika. Leo nikipewa nafasi ya kumpangia mgeni ratiba, nitamweka palepale, na si kwa wiki tatu, kwa mwezi mzima.

Sababu ni jambo aliloliandika Mnorwei Johan Hjort mwaka 1914. Kabla yake, samaki wakiadimika mahali watu walisema wamehama. Hjort na wenzake walisoma umri wa heringi, samaki mdogo wa makundi wa bahari za baridi, kwenye magamba, wakakuta kwamba rika moja tu, lililozaliwa 1904, lilitawala nyavu mwaka baada ya mwaka, huku marika yaliyolitangulia na kulifuata yakiwa kiduchu. Hivyo uvuvi mkubwa haupandi na kushuka kwa sababu samaki wanatembea tu. Unapanda na kushuka kwa sababu miaka michache watoto wanaishi, na miaka mingi hawaishi. Kwa nini wanaishi mwaka huu na si mwaka jana? Hjort alidhani siri iko kwenye siku zile ambazo kiluwiluwi kimemaliza kiini cha yai na lazima kipate chakula chake cha kwanza majini. Wataalamu wanabishana hadi kesho kuhusu hilo, lakini hoja ya marika yenyewe haijatikisika.

Na sisi ndio tunaopaswa kuielewa upesi kuliko watu wote, maana neno tunalo. Rika. Wakuria na Wamaasai hawahitaji kufundishwa kwamba rika likiwa dogo, pengo lake linaonekana hadi uzeeni. Kwa Barents, rika la 1983 lilikuwa kubwa. Ya 2004 na 2005 yalikuwa makubwa mno. Ukiyajua marika hayo umeijua nusu ya historia ya uvuvi wa huko kwa miaka 40.

Sasa sikiliza jambo la vijiwe ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja. Wasomaji wawili wa vijiwe husoma trei ileile bila kuoneshana majibu. Mwanzoni mimi na mwenzangu tulitofautiana karibu kijiwe kimoja kati ya vinne, kwa kawaida kwa mwaka mmoja tu. Nikasema si neno, mwaka mmoja! Msimamizi akanichorea karatasini. Ukikosea mwaka mmoja huku na huku, unachota samaki kutoka rika kubwa na kuwamimina kwenye marika jirani yaliyo madogo. Rika kubwa linaonekana dogo kidogo kuliko lilivyo, na madogo yanaonekana ya kutosha. Milima inapungua, mabonde yanajaa, na bahari nzima inaonekana shwari. Kosa lako halikupigi kelele. Linakubembeleza.

Nyumbani pete hizi hazisomeki kirahisi, kwa kuwa bahari yetu haina baridi kali ya kumsimamisha samaki asikue. Kusi na kaskazi huacha alama hafifu. Ndiyo maana sisi hutegemea sana urefu wa samaki, na urefu una uongo wake: wa miaka mitano na wa miaka minane wanaweza kulingana. Ukirudi usijaribu kulazimisha njia ya kule. Rudi na swali lake tu: hawa ni wa umri gani, na wadogo zao wako wapi?

Nije kwenye aibu yangu, maana bila hiyo sehemu inayofuata itaonekana ni hadithi ya Wazungu.

Kabla sijasafiri, nilitumwa kwenye diko moja la kaskazini mwa pwani ya Tanzania kukusanya takwimu za pato. Kilo kwa chombo kwa siku. Miaka minne, mstari ulionyooka kama upote. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hali ya samaki iko imara. Kabla sijaondoka nikampitia mzee mmoja wa pale, nikamwamkia shikamoo, nikamsomea nilichoandika, nikidhani namheshimu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mwaka ule wa kwanza tulitoka kwa tanga, tukavua hapo mwambani, unapaona? Sasa tuna mashine ya farasi arobaini na tunalala huko nje siku mbili. Kilo ni zilezile. Mafuta yetu umeyaandika?"

Sikuwa nimeyaandika.

Kosa hilohilo lilifanyika Kanada, kwa kipimo cha taifa zima, na watu wenye shahada nyingi kuliko zangu. Nimelisoma mara nyingi kuliko jambo lolote katika fani hii, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kodi wa Labrador na mashariki ya Newfoundland alivuliwa kwa karne nne na zaidi kwa mishipi, kisha na kwa mitego ya pwani. Hadi miaka ya 1950 pato la mwaka halikuwa likizidi tani 300,000 au karibu na hapo. Ndipo zikaja meli za kukokota nyavu zenye kiwanda na majokofu ndani. Ya kwanza, Fairtry ya Uingereza, ilianza kazi 1954. Meli ya namna hiyo haihitaji kurudi bandarini kila mara samaki wasije wakaoza. Inamfuata samaki kwenye barafu, majira ya baridi, mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapakuwa na mvuvi. Mwaka 1968 zilitolewa tani 810,000 hivi. Miaka kumi baadaye pato lilikuwa chini ya tani 140,000.

1977 Kanada ikatangaza mpaka wake wa maili 200, na meli za kigeni zikaondoka sehemu kubwa. Kila mtu akasema sasa neema imerudi nyumbani. Viwanda vikajengwa, mikopo ikatolewa, meli za kukokota safari hii zikawa za Wakanada wenyewe. Sera ilikuwa nzuri kwenye karatasi: kuvua takriban samaki mmoja kati ya kila watano. Mgao, yaani tani zinazoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka, ukapandishwa hatua kwa hatua hadi tani 266,000 mwaka 1988.

Wanasayansi walikuwa na macho mawili. La kwanza ni msafara wa utafiti wa kila vuli, unaokokota wavu kwenye vituo vilivyopigiwa kura, yaani vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. La pili ni pato la meli za biashara kwa kila saa ya kukokota. Macho hayo mawili hayakuona kitu kimoja. Meli za biashara zilionesha samaki wanaongezeka vizuri. Msafara ulionesha ongezeko dogo zaidi. Kisha 1986 msafara ukaleta namba kubwa ajabu, na wengi wakapumua: kumbe jicho la pili lilikuwa sahihi! Namba ya mwaka mmoja, wadogo zangu. Ilikuwa bahati ya vituo vya mwaka ule. Miaka iliyofuata haikurudi.

Kwa nini meli ziliona neema? Kwanza manahodha walikuwa wanajifunza na vyombo vyao vinazidi kuwa bora. Hiyo ni mashine ya farasi arobaini. Lakini la pili ni tabia ya kodi mwenyewe. Kodi hupenda kukusanyika. Wakipungua nusu hawatawanyiki wakawa nusu kila mahali, wanabanana palepale penye maji mazuri na kuacha kwingine kutupu. Nahodha mwenye sona, chombo cha kutafuta samaki kwa mwangwi, anajua pa kwenda, na wavu wake unajaa vilevile hadi wiki ya mwisho. Pato la meli lilipima ustadi wa nahodha na mapenzi ya kodi kukaa pamoja. Wingi wa samaki baharini haukuwemo.

Waliokuwa pembeni ya bahari hiyo waliona mapema. Wavuvi wadogo wa pwani, wenye mitego isiyohama, hawawezi kumfuata samaki. Wanamsubiri aje. Kwa hiyo kupungua kwake walikuhisi wao kwanza: wachache, tena wadogo. Walilalamika miaka ya 1980 yote, na 1986 chama chao kikawalipa wanabiolojia wa nje wapitie hesabu za serikali. Wakajibiwa kwamba huenda maji ni baridi mno, samaki hawasogei ufukweni. Mimi nikisoma hapo namwona mzee wangu wa diko. Mtego uliotulia ni kipimo bora kuliko meli inayozunguka, hata kama mwenye mtego hana shahada. Kama kuna dema au uzio wa zamani kwenye eneo lako la kazi, anza nao.

Mwaka 1989 hesabu ziliporekebishwa, wataalamu wakagundua kwamba uvuvi ulikuwa ukichukua zaidi ya mara mbili ya lengo. Wakashauri mgao ushuke hadi tani 125,000. Waziri akaweka 235,000. Sitaki kumrushia mawe tu. Alikuwa na viwanda na miji mizima shingoni, na wale wanaomshauri ndio waliomwambia miaka mitano iliyotangulia kwamba mambo ni shwari. Ukiwa umekosea kwa ujasiri jana, leo ukisema kweli utasikilizwa nusu. Tarehe 2 Julai 1992 John Crosbie, waziri wa uvuvi aliyekuwa mwenyeji wa Newfoundland, alitangaza uvuvi huo umefungwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Ilisemwa ni kwa miaka miwili.

Haikuwa miwili. Ilikuwa 32.

Wapo hadi leo wanaosema baridi ndiyo iliyoua, si nyavu. Wana ushahidi wao: mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalikuwa baridi isivyo kawaida, na kapelini, samaki mdogo ambaye kwa kodi ni kama ugali, akaporomoka ghafla kati ya 1990 na 1991. Msimamo wangu ni kwamba yote mawili yalitokea, na mpangilio wake ndio wenye kisa. Kundi lenye wazee, watu wazima na vijana linaweza kupita miaka mibaya, kwa sababu wazazi wakubwa watataga tena mwaka mzuri ukija. Kundi lililovuliwa hadi likabaki na marika mawili matatu machanga halina wa kusubiri mwaka huo. Maji ya baridi yalimkuta kodi ameshauza akiba.

Baadaye kaa wa theluji na kamba wa maji baridi, ambao kodi alikuwa akiwala, wakaongezeka, na wavuvi waliobaki na boti wakapata fedha kuliko zamani. Usisahau hili ukisikia mtu anasema bahari "imekufa". Bahari haikufa. Ilibadilisha wapangaji, na mpangaji mpya hakuajiri watu walewale.

Kuhusu kufunguliwa tena, kuna somo la kiufundi ambalo nataka mlishike. Mwaka 2003 kodi wa Newfoundland aliwekwa na kamati ya wataalamu wa Kanada kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Baada ya 2010 alianza kuongezeka, kisha akasimama. Vuli ya 2023 mfano mpya wa hesabu, uliojumuisha takwimu za nyuma hadi 1954, ukabadilisha mstari wa chini wa hatari, na kundi lililokuwa eneo jekundu likajikuta eneo la tahadhari. Samaki hawakuongezeka usiku ule. Rula ndiyo iliyobadilika. Inawezekana rula mpya ni sahihi zaidi, sisemi si sahihi, lakini unaposoma kichwa cha habari kwamba samaki "wamerudi", uliza kwanza kama kilichosogea ni samaki au mstari. Juni 2024 uvuvi ukafunguliwa kwa mgao wa tani 18,000, na 2025 ukawa 38,000. Kumbuka ile 266,000.

Barents je? Wengi huleta Barents kama hadithi ya mtoto mwema dhidi ya mtoto mkaidi. Msiwe wepesi. Norway na Urusi zinagawana kodi huyo kupitia tume ya pamoja tangu miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 nusura nao wazame. Kapelini wa Barents aliporomoka katikati ya muongo ule. Kodi wakakosa chakula, wakakonda, wakaanza kulana: wakubwa wakala wadogo zao kiasi kwamba mifano ya hesabu ya huko leo ina safu maalumu ya vifo vya watoto walioliwa na kodi wenzao. Sili wenye njaa wakamiminika hadi pwani ya Norway na kunaswa kwenye nyavu. Lile rika la 1983 lililotarajiwa kuleta utajiri likaleta samaki wepesi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo moja dogo ambalo nalitumia kila wiki: mgao unaandikwa kwa tani, lakini samaki wanakufa kwa vichwa. Kodi akikonda, tani ileile inahitaji vichwa vingi zaidi. Ofisa aliyeweka mgao uleule kwa mwaka wa njaa ameongeza uvuvi bila kujua. Kwa hiyo usikubali jedwali la tani lisilo na safu ya uzito kwa umri. Ukiletewa, lirudishe.

Kilichowaokoa ni mchanganyiko: walikata mgao kwa nguvu, Norway ilikuwa imepiga marufuku kutupa samaki baharini tangu 1987, na bahati ya marika ikaja. Baadaye wakaweka kanuni ya kupanga mgao, wakabana meli zilizokuwa zikivua bila kuripoti, na maji yenye joto kidogo yakampa kodi uwanja mpana zaidi kaskazini na mashariki. Marika ya 2004 na 2005 yakaachwa yakue. Mwaka 2013 mgao ulifika tani 1,000,000, jambo ambalo hakuna nahodha kijana aliyewahi kuliona.

Na tangu hapo? Marika yaliyofuata yamekuwa hafifu. Mgao wa 2021 ulikuwa zaidi ya tani 885,000. 2022, takriban 708,000. 2023, takriban 567,000. 2024, takriban 453,000. 2025, tani 340,000, wakati huo mdogo kuliko wote tangu 1991. Tena ushauri wa wataalamu kwa 2025 ulikuwa tani 311,587. Zingatia kwamba tume hiyo imeendelea kukutana hata baada ya vita vya Ukraine, ingawa 2022 Urusi ilisimamishwa kwenye baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, lile lililoundwa 1902, na ushauri ukabaki kutolewa na kikundi cha wataalamu wa nchi hizo mbili tu. Samaki hajui visa. Lakini wasomaji wa hesabu wakipungua, wa kukukosoa wanapungua pia, na hilo linanitia wasiwasi kuliko namba zenyewe.

Ukiulizwa na bosi wako matarajio ya uvuvi, fanya kama wanavyofanya kwenye meza ile ya Bergen. Kodi wa Barents huingia kwenye hesabu akiwa na miaka mitatu. Misafara huanza kumwona akiwa mdogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo miaka mitatu mbele, au minne, unaweza kusema jambo lenye msingi, kwa sababu wahusika wameshazaliwa na umewaona. Zaidi ya hapo unazungumzia samaki ambao mayai yao bado hayajatagwa, na hiyo ni kazi ya mganga. Kwa samaki wetu wa maisha mafupi dirisha hilo ni dogo zaidi. Kwa dagaa ni miezi. Mkubwa wako atataka mpango wa miaka mitano. Mpe, lakini piga mstari mzito mahali ambapo ujuzi wako unaishia, na uandike tarehe.

Kabla ya kupeleka hesabu yoyote, ifanyie mtihani wa kurudi nyuma. Ondoa mwaka wa mwisho wa takwimu, kokotoa upya. Ondoa miwili, kokotoa tena. Kama kila unapoongeza mwaka mpya wingi wa miaka iliyopita unashuka, mfano wako ni kama rafiki anayeahidi kulipa deni mwisho wa mwezi: kila mwezi. Newfoundland ilikuwa na ugonjwa huo. Ripoti yangu ya diko ingekuwa nao pia, kama ningejua kuutafuta.

Msidhani mambo haya yanabaki kule kwenye theluji. Ile meli ya utafiti ya Norway iitwayo Dr Fridtjof Nansen ilipima maji ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na meli mpya yenye jina hilohilo ikarudi 2018, kwa mbinu zilezile za sona na wavu nilizofundishwa. Na ile sheria ya sangara wa Ziwa Victoria iliyosema asivuliwe chini ya sentimita 50 wala juu ya 85, ukiitazama vizuri ni mazungumzo yaleyale ya marika: waache watoto wafike, na waache mama wakubwa wabaki. Wavuvi wengi wanaielewa ile ya 50. Ile ya 85 wanaiona kichaa, kwa nini niachie samaki mkubwa? Mimi siku hizi huwaeleza habari za jike la kodi, halafu nawauliza kama mkulima hula mbegu. Wengine hucheka. Wengine huniambia mbegu hailipi ada ya shule Januari, na sina jibu zuri.

La mwisho ni la melini. Utapangiwa zamu ya usiku, utatapika, utazoea. Vituo vya kukokota vimepigiwa kura, kwa hiyo kuna usiku mtafika mahali ambapo baharia yeyote anajua hapana kitu. Watakutania. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba kilomita kumi magharibi kuna samaki tele, kwa nini tusisogee kidogo, nani atajua? Tulikokota pale palipopangwa. Wavu ukaja na nyota za baharini na kiatu kimoja. Nikaandika sifuri kwenye fomu, mikono inatetemeka kwa baridi, na msimamizi wa zamu akaja kuhakikisha nimeiandika, sijaacha nafasi wazi.

Mkifika, ombeni meza ya vijiwe. Mkishasoma 500 nitumieni ujumbe, ndipo tuzungumze habari za programu za kompyuta.